Kilichokuwa Uvunguni

Siku ya arobaini ya mama, mwaka 2011, wageni wakiwa wameshatawanyika na masufuria ya pilau yamerudi kwa wenyewe, kaka yangu mkubwa alifungua sanduku la bati la marehemu. Tulikuwa tunatafuta hati ya kiwanja. Tulikuta kanga tatu mpya ambazo hazijapindwa, kichupa cha marashi, na daftari la shule lililogeuka rangi ya chai.

Daftari lilikuwa na mashairi. Hatukushangaa. Mama alikuwa akitunga tangu ujana wake, na mara mbili mashairi yake yalisomwa redioni, jambo alilolisimulia mpaka sisi watoto tukalijua kwa moyo. Kaka akachagua ukurasa bila kuangalia, akaanza kumsomea baba kwa sauti ya furaha:

Uvunguni nimeweka, kitu nisichokisema,
Hodi ikipigwa shaka, moyo wangu wanihama,
Usiku ninaamka, kama mwizi nainama,
Mola toba naitaka, nisitiri na lawama.

Kufika mshororo wa nne sauti ya kaka ilikuwa imeshuka. Baba alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta. Alisema, "Rudisheni hicho kitabu mlipokitoa." Kisha akaomba maji ya kutawadha, na Magharibi ilikuwa bado saa nzima.

Kila mmoja wetu alijua amesikia nini. Mwanamke mwenye mume, kitu kisichotajika chini ya kitanda, hodi inayomtoa roho, na toba. Jioni ile jikoni shangazi alinong'ona neno moja tu, "Barua." Hakuhitaji kusema za nani. Wote tulikumbuka jinsi mama alivyokuwa akiinuka kwenye taarabu kwenda kumtunza mwimbaji, noti mkononi, ushungi umeteleza begani, na kila mara ilikuwa nyimbo za mapenzi yaliyokwama.

Nami niliamini. Nalisema hilo wazi kwa sababu wakati ule nilikuwa nimeshafundisha ushairi chuoni kwa zaidi ya miaka kumi, na kila mwaka nilikuwa nikisimama mbele ya wanafunzi kuwaonya wasilisome shairi la mtu anayejifichua namna hiyo hiyo.

Somo lenyewe lilihusu washairi wa Marekani. Mwaka 1959 mkosoaji M. L. Rosenthal, akihakiki kitabu kipya cha Robert Lowell, alisema kwamba mshairi huyu anaungama. Jina likanata. Kabla ya hapo wasomi wengi wa Kiingereza walishika mafundisho ya mshairi T. S. Eliot kwamba shairi ni mahali pa kuikimbia nafsi yako. Lowell, mtoto wa ukoo mkubwa wa Boston aliyewahi kufungwa mwaka 1943 kwa kukataa kwenda vitani, akaandika juu ya baba yake aliyeshindwa maisha, ndoa yake na wodi ya wagonjwa wa akili aliyolazwa. Wakamfuata Anne Sexton, ambaye daktari wake wa akili ndiye aliyemhimiza aandike mashairi, na Sylvia Plath. Wote wawili waliwahi kukaa katika darasa la Lowell pale Chuo Kikuu cha Boston.

Kwa Kiswahili tunaita ushairi wa maungamo, na jina hilo limenisumbua siku zote. Kila neno letu la kukubali kosa huja na msikilizaji wake. Anayeungama, tunamwona mbele ya padri. Anayekiri yuko mbele ya hakimu au polisi. Anayetubu yuko peke yake na Mola wake, na sisi wengine hatuhusiki. Ukishamwambia mwanafunzi kwamba haya ni maungamo, umeshamvika kanzu ya padri kabla hajasoma hata mshororo mmoja. Atakaa akingoja dhambi.

Nami nilianza hivyo hivyo. Mwaka wangu wa pili chuoni, miaka ya mwisho ya tisini, mhadhiri alitugawia nakala ya shairi la Plath liitwalo "Daddy", bila tarehe na bila neno lolote juu ya mwandishi. Alitaka tusome matini yenyewe na kitu kingine chochote kisiingie. Nikasoma mtoto anamtukana baba yake, anamfananisha na Wanazi, na mwisho anamwita mwanaharamu na kumwambia kwamba amemalizana naye. Mimi nimelelewa Tanga, nyumba ambayo baba hapitwi bila shikamoo na radhi ya mzazi ni kitu cha kuombwa kwa magoti. Niliandika insha kali. Nilisema mshairi huyu ana kipaji lakini hana radhi, na laana yake inasikika katika mdundo.

Niligundua baadaye, maktaba, kwamba Otto Plath alifariki Novemba 1940, binti yake akiwa ametimiza miaka 8 tu siku chache nyuma. Alikuwa profesa wa biolojia, bingwa wa nyuki, mzaliwa wa Ujerumani aliyeingia Marekani akiwa kijana kabla hata ya vita vya kwanza vya dunia. Hakuwa Mnazi. Shairi liliandikwa tarehe 12 Oktoba 1962, na mwaka mmoja tu nyuma dunia nzima ilikuwa imefuatilia kesi ya Adolf Eichmann, ofisa wa Wanazi, huko Jerusalem, manusura wa Kiyahudi wakieleza kizimbani yaliyowapata makambini. Ndoa ya Plath na mshairi Ted Hughes ilikuwa imevunjika majira yale yale. Na yeye mwenyewe, alipoliandaa kwa ajili ya BBC, alisema msemaji ni msichana aliyefiwa na baba wakati bado akimdhani ni Mungu.

Basi nilikuwa nimehukumu ugomvi wa mtoto na maiti, nikidhani ni ugomvi wa mtoto na mzee aliyekaa barazani. Hayo ni mambo mawili mbali kabisa. Hata kwetu mwenye msiba huachiwa aseme. Nimeona mama mtu mzima akilipiga jeneza la mumewe akimuuliza amemwachia nani watoto, na hakuna aliyemwambia hana adabu.

Lakini sikubali kila kitu kwa sababu ya tarehe. Kuuchukua msiba wa Wayahudi na kuufanya vazi la msiba wako mwenyewe bado kunanikaa vibaya, na nimewaambia wanafunzi hivyo. Kujua shairi lilipotoka kumenionyesha kwa nini aliishika picha ile. Kama alikuwa na haki nayo, hilo ni suala lingine.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi, maana nililifanya nikiwa mwalimu. Baada ya kuumbuka na insha ile nilisoma kila kilichoandikwa juu ya Plath, na nilipopewa darasa nikawa naanzia mwisho: tarehe 11 Februari 1963, London, baridi ya ajabu iliyogandisha mabomba, mama wa miaka 30 aliyejiua huku watoto wake wawili wamelala chumba kingine. Darasa hunyamaza ukisema hivyo. Nililipenda lile kimya, nikadhani ndiyo fasihi inaingia. Kisha nikawa nawapa mashairi, na kila walichokigusa kilikuwa kifo. Mwezi ulikuwa kifo, maua ya hospitali kifo, hata shairi la mama anayemsikiliza mtoto mchanga akipumua usiku.

Aliyenitoa humo ni kijana mmoja kutoka Sikonge, huko Tabora. Nilikuwa nimewapa "Wintering", shairi la mwisho katika kundi la mashairi ya nyuki ambalo Plath aliliandika Oktoba ile ile, siku chache kabla ya "Daddy". Wenzake walishasema yote: giza la stoo ni kaburi, baridi ni mauti, mwanamke anaaga. Kijana akaomba kusema. "Mwalimu, huyu mtu anafuga nyuki kweli au anasingizia?" Nikamwambia anafuga kweli, alianza kiangazi cha 1962 kijijini kwao Devon. "Basi haagi mtu. Ameshatoa asali, chupa sita ameziweka ndani, na mzinga anaulisha maji ya sukari. Anayetaka kufa halishi mzinga." Akatueleza kwamba madume hufukuzwa chakula kikipungua na wanaobaki wote ni majike, kwao kila mtoto anajua hilo. Mstari ule unaosema wanaume wameondolewa, ambao mimi nilikuwa nikiufundisha kama kilio cha mke aliyeachwa, kwake ulikuwa kwanza habari ya mzinga. Kilio kinaweza kuwamo. Lakini kinakaa juu ya mzinga wa kweli, na mzinga huo umejipanga kuuvuka msimu.

Baadaye kidogo nilipata toleo la mwaka 2004 la *Ariel*, kitabu cha mashairi cha Plath, lililofuata mpangilio wake mwenyewe na lenye utangulizi wa binti yake, Frieda Hughes. Sikulala usiku ule. Plath alikuwa ameacha mswada umepangwa kabisa, neno la kwanza la kitabu likiwa "upendo" na la mwisho likiwa jina la majira ya kuchipua. Na shairi la mwisho ndilo hilo la nyuki, wanatoka mzingani wanaonja hewa mpya. Ted Hughes alipokitoa kitabu mwaka 1965 alibadili mpangilio, akaondoa baadhi ya mashairi na kuingiza ya wiki za mwisho. Kitabu tulichokisoma dunia nzima kwa karibu miaka 40 kilielekea kaburini. Alichokipanga Plath kilielekea kwenye maua. Mashairi mengi ni yale yale! Na mimi, kwa kuanza somo na tarehe ya kifo, nilikuwa nimelirudia kila mwaka darasani jambo ambalo lilikuwa limeshafanyiwa kitabu.

Tangu hapo nikawa mkali. Nikawafundisha kutenganisha mshairi na nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi. Sexton alipata kuandika juu ya kaka aliyeuawa vitani, na hakuwa na kaka. Niliwarudisha nyumbani pia, kwenye taarabu, maana nadhani watu wa pwani wanalijua jambo hili kuliko wahakiki. Katika wimbo wa taarabu mtunzi ni mmoja, mwimbaji ni mwingine, na anayesema "mimi" kwa kweli ni yule anayeinuka na noti yake kwenye ubeti fulani. Ukumbi wote hugeuka kumwangalia huyo, hakuna anayemwangalia mtunzi. Na ujuzi wa kuuelewa wimbo ni ujuzi wa mtaa: nani kagombana na nani, nani kaolewa wapi. Anayetoka mbali atasikia sauti nzuri na vinanda, basi.

Tulimsoma na Shaaban Robert. Shuleni tulihesabishwa mizani ya "Amina" mpaka tukachoka, na hakuna aliyetuambia Amina ni nani. Ni mkewe. Shairi limo ndani ya habari za maisha yake mwenyewe, na ukilikuta pale, baada ya kusoma walivyoishi, mshororo wa "Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua" huwezi tena kuuhesabia mizani kwa vidole.

Haya yote niliyajua. Na siku ya arobaini, ubeti mmoja wa mama yangu mzazi ulitosha kunifanya nisahau yote. Sikuuliza ni mwaka gani, wala nani anasema "mimi". Nilikumbuka tu noti zake kwenye taarabu na kumhukumu. Miaka miwili nilipokwenda kaburini nilisoma Fatiha haraka haraka, kama mtu anayelipa deni la mwenye duka asiyempenda.

Swali lililonizindua lilitoka tena kwa mwanafunzi, mwaka 2013. Nilikuwa nikieleza kwamba rasimu nyingi za mashairi ya mwisho ya Plath ziliandikwa upande wa pili wa karatasi zilizokwisha tumika: karatasi za rangi ya waridi za Smith College, chuo alichosoma, kurasa za riwaya yake, hata miswada ya mumewe. Watafiti huzigeuza kuona shairi limelala mgongoni mwa nini. Msichana wa dawati la mbele akauliza, "Kwa hiyo, mwalimu, bila kugeuza ukurasa hujasoma?" Nikamjibu kitu, sikumbuki nini. Ijumaa ile nilipanda basi la Tanga.

Nyuma ya ubeti ule palikuwa na orodha. Juu yake, kwa mwandiko wa mama uliolalia kushoto: "Idi 83." Chini yake majina ya wanawake kumi na kitu, na mbele ya kila jina: mche 1, nusu, mche 2, bado, nusu, kalipa.

Sabuni!

Nililia nikiwa nimekaa sakafuni, halafu nikaenda kwa jirani yetu wa ukuta mmoja, bibi ambaye jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha. Nilimsomea ubeti. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, wewe 83 ulikuwa mdogo. Hukumbuki tulivyofua kwa majani ya mpapai?"

Nilikuwa na miaka 8. Nakumbuka foleni za duka la ushirika, nakumbuka sukari ikipimwa kwa kikombe. Vita ya Kagera ilikuwa imekausha hazina, mafuta yamepanda bei, viwanda havina malighafi. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, lakini kutoka Tanga hadi Horohoro si mbali, na wanaojua njia za porini hawakuzisahau. Kisha mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Ikatungwa sheria, ikaundwa mahakama yake maalumu, na nyumba zikapekuliwa usiku. Watu walitupa bidhaa vichakani na baharini kwa hofu. Wenye maghala walikamatwa, na mwenye mifuko miwili ya sukari naye hakulala.

Baba yangu alikuwa karani katika shamba la mkonge. Alikuwa pia mjumbe wa nyumba kumi. Upekuzi ulipokuja mtaani, yeye ndiye aliyegongewa, aamke, avae, achukue tochi, awe shahidi.

Hapo ndipo kumbukumbu yangu ilipofunguka. Niliona mlango, mwanga wa tochi ukipita chini yake, hatua za baba zikienda na wale watu. Kisha mama, kanga kifuani, akipiga magoti kando ya kitanda na kuinama mpaka paji la uso likaribie sakafu. Miaka 30 nilikuwa nimeihifadhi picha ile kama picha ya mama anasali.

Kwa hiyo kaka na shangazi hawakukosea yote. Mama alimficha mumewe jambo, chini ya kitanda chao wenyewe, na lingegunduliwa lingemwaibisha na pengine kumfunga. Toba ile ilikuwa ya kweli. Ila haikuelekezwa kwetu.

Nilifikiri sana kama nimsomee baba. Nilimkumbuka Lowell, ambaye mwaka 1973 alichapisha mashairi yaliyobeba maneno ya barua za Elizabeth Hardwick, mke ambaye yeye Lowell alimwacha, akayageuza pale alipotaka. Rafiki yake Elizabeth Bishop alikuwa amemsihi asifanye hivyo, akamwambia sanaa haina thamani kiasi hicho. Kitabu kikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Mimi niko upande wa Bishop. Ndiyo maana majina ya kwenye orodha siyataji hapa, hata ya waliokwisha kufa. Lakini baba alikuwa amebeba ubeti ule miaka miwili kwa kusomewa nusu ya ukurasa, na kunyamaza kusingemsitiri mtu.

Nilimkuta barazani asubuhi. Nikashika mkono wake, nikaamkia, nikakaa chini karibu na miguu yake.

"Baba, ilikuwa sabuni."

Hakuuliza sabuni gani. Aliniambia nisome. Nikamsomea tarehe, nikamsomea majina moja moja na hesabu za mama. Kwenye jina la sita alinizuia kwa kidole. "Huyo mumewe alikuwa mgambo. Alikuwa akija naye kupekua." Akatikisa kichwa taratibu. Nilipomaliza alikaa akiangalia barabarani, watoto wa shule wanapita.

"Mwaka ule," alisema, "ofisini wote mashati yao yalikuwa rangi ya chai. Langu jeupe. Bwana mkubwa akaniuliza mbele ya watu, nikamwambia mke wangu anafulia majani ya mpapai." Alinyamaza. "Nilijua majani ya mpapai hayatoi weupe ule. Sikumuuliza."

Kisha akaniambia nisome tena, nianzie upande wa shairi.